Mdogo Wangu Alilala Wapi

Mdogo wangu aliniletea habari ya kubomolewa kwa bweni kana kwamba ananiletea habari ya msiba. Nilikuwa ufukweni Sindo, ninageuza omena, dagaa wetu wa ziwani, kwenye nyavu za kuanikia, na yeye akaja na viatu vyake vya kufundishia akichagua pa kukanyaga. Alininyooshea simu. Kulikuwa na picha za jengo refu lenye mabati yenye kutu, na chini yake watu waliosoma naye wameandika maneno ya kusikitika.

"Dada, wanabomoa Bweni la Juu," akasema. "Kabla hawajabomoa, wametuita wote tuliosoma pale. Nataka twende pamoja."

"La juu?"

"Ndiyo. Nilimokuwa nikilala."

Niliendelea kugeuza omena. Kwa miaka mingi nilikuwa nimengoja mdogo wangu aseme kwa kinywa chake alilala wapi alipokuwa chuoni, na sasa alikuwa amelisema kama mtu anayetaja bei ya sabuni. Lakini mimi sikumpeleka Bweni la Juu. Nilimpeleka Bweni la Chini, kwenye kitanda cha kando ya dirisha, na nilikijua kitanda hicho kwa sababu nililala juu yake kabla yake.

"Nitakuja," nikamwambia. Sikumwambia kwamba ninakwenda kusikiliza.

Mimi ndiye mkubwa kwetu. Baba alitangulia, mama akamfuata, na mimi nikaacha shule nikiwa kidato cha pili kwa sababu nyuma yangu walikuwa watatu na nyumbani alikuwa amebaki nyanya yetu peke yake, ambaye tulimwita dani. Sikulia sana juu ya shule. Nilianza kununua omena kwa wavuvi, kukausha na kuuza Homa Bay, na wale watatu wakaendelea kusoma. Huyu anayenifuata ndiye alikuwa wa kwanza kupata nafasi ya chuo, chuo cha ualimu huko kaunti ya Migori. Jina lake nitaliacha.

Barua ilipokuja, dani hakufurahi jinsi nilivyotarajia. Aliendelea kuchagua mbegu za mahindi mapajani. Kwetu, mkubwa ndiye anayeanza. Mkubwa ndiye anayetia mbegu ya kwanza ardhini, ndiye anayeonja mavuno mapya, ndiye anayejenga kwanza. Mdogo akiruka zamu, wazee husema chira itamshika, ule ugonjwa wa kukonda na kudhoofika ambao hospitali haiujui. Dani alikuwa amezika watoto wengi mno kuyachukulia mambo hayo kwa mzaha.

"Huyu anakwenda kulala chuo, na wewe hujalala chuo," akaniambia.

"Sasa nitamtanguliaje, dani? Mimi sina barua."

"Una mgongo?"

"Ninao."

"Basi ulaze pale kwanza. Yeye alale baadaye."

Ndivyo ilivyokuwa. Siku ya kuripoti nilibeba godoro kichwani, yeye akabeba sanduku la bati, tukaingia Bweni la Chini. Lilikuwa chumba kirefu chenye vitanda vya chuma pande zote mbili, sakafu imepakwa nta nyekundu, harufu ya mafuta ya taa. Tulipewa kitanda cha kando ya dirisha. Nilitandika godoro, nikavua viatu, nikajilaza chali mbele ya wasichana wengine na mama zao.

Nakumbuka mengi kuhusu muda ule mfupi. Kwenye dari kulikuwa na doa la maji la rangi ya chai, lenye umbo la kisiwa. Upande wa miguuni chuma kimoja kilikuwa kimepinda kuingia ndani, na kisigino changu kikagonga hapo. Nilisema Baba Yetu polepole kimoyomoyo ili muda wa kulala uonekane ni muda wa kweli. Mdogo wangu alikuwa amesimama na sanduku lake, ananitazama. Nilitegemea acheke. Hakucheka, na uso wake sikuuelewa.

Matroni akatokea mlangoni.

"Mwanafunzi hapa ni nani?"

"Ni huyu aliyesimama," nikasema.

"Na aliyelala?"

"Ni mimi, dada yake."

"Umechoka?"

"Kidogo, mama."

"Basi amka ukachokee kwenu. Kitanda cha chuo si cha wageni."

Wasichana wakacheka. Nikavaa viatu, nikamuaga mdogo wangu kwa mkono, nikaenda zangu na moyo mwepesi. Kazi ya dani ilikuwa imefanyika.

Wiki kadhaa baadaye nilipeleka mzigo Rongo, nikaona si mbali, nikaamua kupita chuoni bila taarifa. Simu zilikuwa za wachache wakati huo. Nilikuwa na mkebe wa omena za kukaanga na njugu karanga. Mlinzi aliniruhusu, nikaenda moja kwa moja hadi Bweni la Chini. Mdogo wangu hakuwepo. Kulikuwa na wasichana wachache wanaofua na kukunja nguo. Nikaenda hadi kitandani.

Hakikuwa na godoro. Hakikuwa na shuka, wala sanduku chini yake. Nyaya tupu, na vumbi juu ya chuma.

"Anayelala hapa yuko wapi?" nikauliza.

Wakatazamana. Mmoja akajibu kwa sauti ndogo, "Hapo halali mtu."

"Tangu lini?"

"Tangu tuje."

Mwingine akaniuliza, bila kunisogelea, "Wewe ni nani wake?"

Nilikuwa nimezoea kujibu swali hilo. Katika ofisi za shule, ukisema wewe ni dada, wanakwambia umlete mzazi. Kwa hiyo nilijibu nilivyojibu kila mahali: "Mimi ndiye mama yake."

Hapo mambo yakawa ya ajabu. Beseni likaanguka. Msichana mmoja akatoka upesi, mwingine akamfuata, na nikabaki peke yangu na mkebe wangu katika chumba kirefu chenye vitanda vilivyotandikwa, isipokuwa kimoja.

Nikafikiri: hawa wanajua jambo na wanaogopa kuniambia. Na jambo gani huwafanya wasichana wakimbie wakimwona mzazi wa mwenzao? Nililijua moja tu. Nyumba za kupanga zilikuwa nje ya lango, na wanaume wenye pikipiki walikuwa wamesimama pale wakati naingia. Niliuacha mkebe kwa mlinzi ampe mdogo wangu, bila kutaja jina langu, nikaenda kutafuta gari la Homa Bay.

Sikumuuliza. Watu waliojua habari hii wamenishangaa kwa hilo, lakini hawakuwa mahali pangu. Kama ningeuliza na jibu likawa baya, ningelazimika kufanya jambo. Ningelazimika kumtoa chuoni, na wale wawili waliomfuata wangeona kwamba hata aliyefika mbali hakufika. Nikaamua amalize kwanza. Niliendelea kukausha omena, na kila muhula alikwenda na alichohitaji.

Lakini nilimchunguza. Alipokuja likizo nilitazama viatu vyake kama vimebadilika. Nilifua nguo zake mwenyewe ili nizinuse. Muhula mmoja alikuja na kikohozi na kitambaa cha shingoni ambacho sikukinunua. Akasema rafiki amempa. Rafiki gani, sikuuliza. Niliuliza njia ya kuzunguka.

"Kule dirishani upepo haukusumbui?"

"Hausumbui, dada."

"Na kile kitanda, godoro linatosha?"

"Linatosha."

Nikajua anadanganya, na nikajua kwamba anadanganya bila kupepesa macho. Hilo la pili liliniuma kuliko la kwanza.

Alimaliza. Akapata kazi ya kufundisha, shule ya msingi karibu na Rongo, na wale wawili wakamaliza pia kwa wakati wao. Alipomleta mume nyumbani, mtu mpole mwenye duka la vifaa vya baiskeli, wajomba walimuuliza habari za ukoo wake. Mimi nilimuuliza aliwahi kukaa karibu na kile chuo mwaka gani. Akasema hajawahi kukanyaga pale. Nilimwamini nusu.

Basi tukaenda, mimi na mdogo wangu, siku hiyo ya kuaga Bweni la Juu. Njiani alikuwa na furaha ya mtu anayerudi kwao. Mimi nilikuwa nimevaa gauni langu la kanisani na nikilipanga swali langu moja.

Chuo kilikuwa kimegeuka. Lango lilikuwa limehamishiwa upande mwingine, kwa hiyo tuliingia kwa nyuma, mahali ambapo zamani palikuwa na shamba la mahindi. Kulikuwa na hosteli mpya ya ghorofa yenye rangi ya machungwa na vioo vinavyong'aa. Jiko la kuni halikuwepo. Bweni la Chini lilikuwa limesimama, lakini limewekewa vigae, vyuma vya dirishani na bango linalosema ni chumba cha kompyuta. Nilichungulia. Dari ilikuwa mpya, nyeupe. Kisiwa changu cha rangi ya chai kilikuwa kimefunikwa.

Wanafunzi wa zamani walikuwa wengi, watu wazima wenye matumbo na miwani, wanatembea wakinyoosheana vidole. Hapa palikuwa na kamba za nguo. Hapana, kamba zilikuwa kule, hapa palikuwa na bomba. Wewe umesahau, bomba lilikuja baadaye. Niliwasikiliza na nikaona kwamba hakuna wawili waliokubaliana, na kila mmoja alikuwa na hakika. Nikajiambia kwamba mahali kama hapa mtu anaweza kusema alilala popote, maana popote pamebadilishwa.

Mdogo wangu akanipeleka Bweni la Juu. Mafundi walikuwa wamekwisha kutoa madirisha na milango. Ndani mlikuwa na giza kidogo na harufu ya popo, plasta imebanduka, sakafu ina nyufa. Lilikuwa bovu kwa muda mrefu, si la mwaka huu wala uliopita.

Akasimama kwenye kona. "Hapa ndipo nililala. Mvua ikinyesha tulikuwa tunasogeza vitanda katikati."

"Tangu lini ulilala hapa?"

"Karibu tangu mwanzo."

"Na kule chini nilikokuacha?"

Akatazama pale palipokuwa na dirisha. "Kule tulihamishwa."

"Mlihamishwa wote?"

"Dada, twende tukanywe soda, wanagawa."

Sikusogea. Nilikuwa nimesafiri kwa ajili ya swali hilo moja, na nilikuwa tayari kusimama kwenye mavi ya popo hadi jioni. Lakini wakati huo akaingia mwanamke mnene, mcheshi, mwenye kitenge kipya, akamkumbatia mdogo wangu na kumzungusha. Mdogo wangu akanitambulisha: huyu ni dada yangu, mkubwa wetu. Akaniambia huyu ni mwalimu mkuu sasa, upande wa Homa Bay, na kwamba walianza chuo siku moja.

"Karibu, dada," yule mwalimu mkuu akasema. "Umekuja kuona mateso ya mdogo wako? Amekuonyesha kile kitanda cha mama?"

"Wacha hiyo," mdogo wangu akasema.

"Kitanda gani cha mama?" nikauliza.

"Hujaambiwa? Yawa, huyu ni mtu wa siri kweli. Sikiliza. Bweni la Chini, siku ya kwanza kabisa, huyu alipewa kitanda kizuri, dirishani, sisi wote tunakitaka. Jioni, sisi tuliochelewa kuripoti tunamkuta anatoa godoro, anatandika chini kwenye simiti. Tukamwuliza, wewe, mbona? Akasema, hicho ni kitanda cha mama. Siwezi kulala kitanda cha mama."

Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Sasa sisi tunajua mama yake ni marehemu," mwalimu mkuu akaendelea. "Alikuwa ametuambia. Ukiambiwa hapo ni pa marehemu, wewe utalala? Chuo kizima kinalia vitanda havitoshi, na hicho kinakaa kitupu. Hata kupita karibu nacho tulikuwa tunapita mbio. Mwisho matroni akachoka na yeye kulala chini, akampa nafasi huku juu kwa popo. Sasa ngoja. Siku moja mama akaja."

"Akaja?"

"Mchana kweupe. Na mkebe mkononi. Akaenda moja kwa moja hadi kwa kile kitanda, akauliza nani analala hapa. Mwenzetu akapata nguvu za kumwuliza, wewe ni nani? Akajibu, mimi ndiye mama yake." Alijishika kifua, anacheka hadi machozi. "Dada, mimi niliacha beseni la nguo pale pale. Nguo zangu zilifuliwa na mwingine. Sikuingia hicho chumba hadi Jumapili, baada ya maombi."

"Ule mkebe," nikasema, "ulikuwa na nini?"

"Nani angeufungua?"

"Omena za kukaanga na njugu."

Alicheka tena kidogo, halafu akaacha. Akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi miguuni, akamtazama mdogo wangu, akanirudia mimi.

"Kwa hivyo marehemu ndiye wewe," akasema taratibu.

"Ni mimi."

"Yawa. Na ulikuwa umevaa leso ya kijani."

"Ninayo mpaka leo."

Aliomba samahani huku bado anataka kucheka, akasema anakwenda kuwaita wenzake waje waone, na tukabaki wawili kwenye kona.

Mdogo wangu ndiye aliyeanza. "Mlinzi alinipa mkebe. Nilijua ni wako, hakuna mwingine anayetia chumvi hivyo. Nikangoja useme kwamba ulikuja."

"Mimi nikangoja useme ulilala wapi."

"Ningekwambia nini? Kwamba nimekataa kitanda? Ungekuja kunilaza kwa nguvu. Au dani angekutuma ulale tena kwingine, na tena kwingine, hadi chuo kiishe."

Nilikuwa naelewa, lakini nilitaka aseme. Kwetu mtoto halali kitanda cha mama yake. Hata kukikalia akiwa mkubwa ni makosa, na dani alitufundisha hilo kabla hajatufundisha kupika. Dani alinihesabu mimi kama dada mkubwa, na dada mkubwa hana budi kutangulia. Mdogo wangu, akiwa amesimama pale na sanduku lake la bati, alinihesabu namna nyingine. Kila mmoja alikuwa ameshika mila sawasawa.

"Ulikwisha lala pale," akasema. "Baada ya hapo mimi ningelalaje?"

Bado sikuridhika. Mtu aliyeshuku miaka yote hiyo haachi kwa kuambiwa. Nikamuuliza siku ile niliweka kichwa upande gani.

"Mlangoni," akajibu mara moja. "Miguu dirishani. Kisigino chako cha kulia kilikuwa kimepasuka, na ukakigonga kwa chuma kilichopinda, ukajifanya hukuumia. Midomo yako ilikuwa inasema Baba Yetu."

Hapo sikuwa na swali lingine. Kikohozi kile nilikielewa, simiti ile. Nikauliza tu kuhusu kitambaa cha shingoni, na akasema ni cha huyo huyo mwalimu mkuu, alimpa kwa sababu ya baridi ya huku juu.

Nyuma ya bweni mafundi walikuwa wamerundika vitanda vya zamani, vya mabweni yote, vikingoja kukatwa kuwa vyuma chakavu. Msimamizi aliwaambia wanafunzi wa zamani wachukue kumbukumbu wanayotaka. Wengi walichukua tofali. Mdogo wangu akaanza kupekua lile rundo na nguo zake nzuri, na baada ya muda akaniita.

"Hiki hapa. Angalia chuma."

Chuma kilikuwa kimepinda kuingia ndani. Lakini mimi pia nilikuwa nimepekua, na nilikuwa nimeona vingine viwili vilivyopinda hivyo hivyo. Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa, akasema hivyo vimepinda vibaya, hiki ndicho. Mwalimu mkuu, ambaye sasa hakutaka kuachana na mimi, aliita gari la mizigo la mumewe lililokuwa linarudi Homa Bay. Alisema amekiogopa kitanda hicho muda wa kutosha, sasa atakibeba.

Ninakilalia. Kichwa nakielekeza mlangoni, na kisigino changu hufika kwenye chuma. Sina hakika kama ndicho. Nimekipaka rangi, na kabla ya kupaka nilitafuta alama yoyote ya Bweni la Chini sikuiona.

Mdogo wangu huja shule zikifungwa. Juzi alifika amechoka, jua la saa nane, miguu imevimba kwa kusimama darasani. Nikamwambia ajinyooshe kitandani kidogo wakati napika.

"Hapana, niko sawa hapa," akasema, akavuta kiti cha plastiki.

"Ni mimi ninakwambia."

"Najua ni wewe. Ndiyo sababu."

Nilipotoka jikoni kichwa chake kilikuwa kimelalia bega, mdomo wazi kidogo. Nilichukua ile leso ya kijani nikamfunika miguu. Halafu nikasimama kidogo nikimtazama, nione kama amelala kweli.